Wimbi ya Bua la Zambarau

Machi 12, 1951
Tumepanda leo. Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa, ya pili ikatukuta kanisani jana, na alfajiri mama mkwe alikuwa mlangoni kwangu, leso imefungwa kiunoni. "Peris! Ama mbegu itajipanda yenyewe?" Nilikuwa nimeamka zamani, hata mwanangu Walubengo nimeshampa uji, lakini kumwambia hivyo ni kujitafutia maneno. Nilibeba jembe nikamfuata.

Mbegu yote ya boma imebaki chungu kimoja. Ni wimbi ya mama mkwe, ulezi aliopewa na mama yake siku ya kuolewa. Bua lake lina rangi ya zambarau chini, karibu na udongo, na hiyo ndiyo fahari yake. Wimbi mwitu, hilo gugu linalojifanya ndugu ya wimbi, lina bua la kijani. Kwa wengine hapa Bumula vikiwa vichanga huwezi kuvitofautisha. Kwake unaona rangi, unang'oa. Akitaja shamba lake husema, "Hata kipofu angepalilia hapa." Ubaya wa wimbi mwitu ni kwamba halingoji kisu. Linaiva kabla, linamwaga punje zake chini, na wewe unabaki na suke tupu.

Jioni shemeji Eliakim, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kuiombea mbegu kwa Mungu. Alipomaliza maombi hakukaa chini. Akasema mbele ya wote kwamba tangu nilipoolewa ghala limekuwa likipungua kila mwaka, na kila mtu anajua nilikuja kutoka kwetu Sirisia na kibuyu cha wimbi ya bua la kijani. Ati niliichanganya na ya mama yake. "Mavuno haya ndiyo yataamua. Ghala likijaa, tutanyamaza. Lisipojaa, tutamwita baba yake aje achukue binti yake. Mtoto atabaki kwao, hapa."

Ile wimbi ya kibuyu niliisaga yote ikawa uji. Nimesema mpaka nimechoka. Mume wangu Mukhisa yuko Kitale kwenye shamba la mbegu za nyasi, na hakuna mwingine wa kunitetea.

Machi 21
Imeota. Mvua nzuri, ya taratibu.

Aprili 2
Mvua. Walubengo ana mafua. Mama mkwe amemchemshia majani fulani na akalala naye kifuani siku nzima. Kwa mjukuu ni mtu mwingine kabisa.

Aprili 11
Palizi ya kwanza. Tulikuwa wanawake wa boma na majirani wawili. Mama mkwe hapalilii na watu. Anatembea nyuma yao. Ukiacha bua moja la kijani analing'oa, analiinua juu, anauliza kwa sauti ya upole, "Hili la nani?" Leo aliniinulia mara tatu. Ningependa kusema sikujali, lakini nilikasirika sana.

Lazima niseme ukweli, hakuna anayepalilia kama yeye. Tulipoondoka hapakuwa na bua la kijani hata moja. Ng'ambo ya kijito ni shamba la Wilkista, ambaye anapalilia akipenda na akichoka anakaa kupiga hadithi. Kwake magugu yamesimama marefu, ya kijani, yamechanua mikono kama wageni waliokosea njia. Mama mkwe akipita hapo anageuza uso. Na bado ghala la Wilkista linajaa. Nimemuuliza leo anafanyaje, akacheka. "Si nayaona, bana! Karibu na mavuno napita nayang'oa. Yanajionyesha yenyewe."

Aprili 26
Leo nimejiharibia.

Palizi ya pili. Nilikuwa kwenye mstari wa mwisho nikaona bua moja limewatangulia wenzake, limekonda, majani yamelala. Lilikuwa zambarau kabisa. Lakini nililiangalia na moyo ukakataa, nikaling'oa. Sijui nilikuwa nataka kuona nini. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu.

Hakupiga kelele. Aliliokota, akalipangusa udongo, akalishika kwa mikono miwili. "Umeng'oa wimbi yangu."

"Mama, hii si wimbi. Itazame vile imekonda."

"Rangi gani hii?"

"Zambarau, Mama."

"Basi?"

Alilipeleka kwa Eliakim vile vile na mizizi yake, na jioni wakaniita. Lilikuwa limelazwa kwenye sinia katikati ya meza. Eliakim akasema kumbe sasa hata sijifichi tena. Mama mkwe alikaa kimya akiangalia lile sinia, na mimi nilimchukia kwa huo ukimya kuliko ningemchukia kama angenitukana.

Mei 9
Mvua ya mawe kidogo. Wimbi imeinama, ikainuka.

Mei 17
Mama mkwe haongei nami ila kupitia mtoto. "Walubengo, mwambie mama yako maji yamekwisha." Mtoto mwenyewe hajajua kusema zaidi ya "maa".

Mei 30
Eliakim ameamua niende Kitale. "Ukamsikie mumeo kwa kinywa chake," anasema. Wamenikatalia kumbeba Walubengo. Napanda lori la mahindi kesho asubuhi pale Bungoma. Nimemwosha mtoto mara mbili leo, bila sababu.

Juni 2, Kitale
Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa. Mukhisa alinipokea vizuri, akaninunulia chai na mkate, na tulipokaa nikamwuliza wazi: wakimwita baba yangu, utasema nini?

Akazungusha kikombe. "Eliakim ndiye mkubwa wetu, Peris. Nikimpinga mbele ya watu..."

"Sijakuuliza yeye ni nani. Nimekuuliza wewe utasema nini."

"Mambo haya yanataka pole pole."

Mume wangu ni mpole, na nilimpenda kwa sababu hiyo. Leo nimeona upole wake unafika wapi na unaishia wapi. Nililia, naye akanipangusa machozi, na bado hakusema chochote.

Baadaye, ili nitulie, alinitembeza shambani. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nyasi! Nyasi za kulisha ng'ombe, zimepandwa kwa mistari kama viazi, na kila suke limevishwa mfuko wa karatasi na kufungwa uzi. Nikauliza kama nyasi zinaumwa. Mukhisa akacheka, akaeleza. Nyasi zikichanua zinatoa vumbi, upepo unalibeba, na vumbi la huyu likimwangukia yule, mbegu inayozaliwa inachukua kwa wote wawili. Mfuko ni wa kuzuia hayo. Kuna nyasi ya mlimani Elgon ndefu na ngumu, na ya bondeni laini, na bila mifuko watoto wao wanatoka wa kila namna, wengine huku, wengine kule. "Kama sisi tu. Mimi na Eliakim ni wa mama mmoja, na hatufanani hata masikio."

"Nimeona," nikamjibu.

Kisha akanionyesha sanduku la kioo kwenye stoo ya Bwana mwenye shamba. Vipepeo wamechomwa pini. Wawili walikuwa sawa sawa, weusi wenye madoa meupe. Mukhisa akasema mmoja ni mchungu, ndege akimla anamtema. Wa pili hana uchungu wowote, amevaa tu nguo za mwenzake.

"Na nani alimshonea?"

"Ndege wenyewe."

"Ndege wanashona?"

"Ndege wanakula. Vipepeo wa kabila lile hawazaliwi wakifanana wote. Ndege wanamwona asiyefanana na mchungu, wanamla. Aliyefanana kidogo anaponea, anazaa. Watoto wake nao, wengine wanafanana zaidi, wengine kidogo, na ndege wanachagua tena. Miaka na miaka. Mwisho anabaki huyu, na ndege mwenyewe hamjui."

Alisema hivyo huku akifuta kioo kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa nafikiria mtoto wangu, sikusikiliza sana.

Juni 4
Nimeipata kwenye lori. Tulikuwa tumeshapita Kamukuywa, nimekaa juu ya magunia, mvua ikitulowesha, nikapiga kelele mpaka yule mama aliyekaa karibu akadhani nimeumwa na nge.

Ndege ni sisi!

Wimbi mwitu lilikuwa kijani. Upepo ukalimwagia vumbi la wimbi ya mama mkwe, likazaa watoto wengine wa kijani, wengine wachache wa zambarau. Sisi tukaingia na macho yetu makali, tukang'oa kila cha kijani, tukawaacha wale wa zambarau wakazaa na kumwaga mbegu. Mwaka uliofuata wakawa wengi zaidi. Tukapalilia vizuri zaidi. Kwa Wilkista gugu halikuhitaji kujificha kwa sababu hakuna aliyelitafuta. Kwetu lilitafutwa bila huruma, na lililobaki ni lile lisiloonekana. Mama mkwe amepalilia hivi tangu kabla Mukhisa hajazaliwa. Halikuanza kwangu hata kidogo. Mimi nimeolewa tu mwaka lilipoanza kushinda.

Nimefurahi mpaka nimesahau kujiuliza nitamwambiaje mama mkwe.

Juni 6
Nimemwambia, na nimesema vibaya. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima, lakini alipoanza na "Walubengo, mwulize mama yako Kitale ameambiwa nini," nikashindwa. Nikasema, "Ameambiwa kwamba gugu la shambani limefundishwa na wewe, Mama. Kwa hilo jicho lako unalojisifia."

Kuku walikuwa wakipekua jikoni, na hata wao niliona kama wamesimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, polepole sasa, na mfano wa ndege na vipepeo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema shamba lile alilipalilia akiwa na mimba, akiwa mgonjwa, na siku ya pili baada ya kumzika mumewe. "Na wewe unakuja na vipepeo." Akaniambia nisikanyage tena kwenye wimbi yake. Yeye ana sheria kwamba suke zikitoka hakuna anayeingia shambani mpaka akate la kwanza kwa mkono wake. Kwangu mimi imeanza leo.

Juni 19
Suke zimetoka. Naziona kutoka njia ya kijitoni. Zinapendeza, Mungu wangu, shamba lote ni sawa, hakuna bua la kijani hata moja. Majirani wanasimama kulisifia. Wakisifu, mimi natafuta gugu kwa macho na silioni.

Julai 3
Mvua imepungua. Jua la mchana kali.

Julai 10
Wilkista amesema wanaongea kanisani kwamba nitarudishwa kwetu kabla ya Agosti. Alisema huku akinipa ndizi. Nimemwomba aniambie ukweli: anaamini nilichanganya mbegu? Akafikiri. "Mimi naamini wewe una mdomo. Mbegu sijui." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Kitale.

Julai 18
Kuna njiwa wanatembea chini ya wimbi.

Si juu kwenye suke, ambako ndege wote huiba. Chini. Wanadonoa udongo. Nilisimama njiani na mtungi kichwani, nikajua wanachokula. Kule juu suke bado zina rangi ya kijani kidogo, na mama mkwe anasema zinahitaji siku kama kumi za jua. Baada ya siku kumi zile za mwitu zote zitakuwa zimeshamwagika chini.

Nimemwambia kuhusu njiwa. Akasema, "Njiwa wamekuwepo kila mwaka." Ni kweli, na ndiyo maana nalia.

Julai 19
Nimeingia.

Niliweka mtungi chini nikaingia katikati kabisa. Nilishika suke moja, nikalisugua kwa vidole. Ngumu, punje zimekaa. La pili vile vile. La tatu, ambalo kwa macho lilikuwa sawa na ndugu yake kila upande, likavunjika likajaa kiganjani. La nne ngumu. La tano likamwagika. Nikaendelea, huku nalia na kucheka, nikifunga macho kwa sababu macho ndiyo yalikuwa yananidanganya, vidole tu ndivyo vilivyojua.

Nilipofumbua macho Eliakim alikuwa ukingoni. Aliona suke zilizovunjika mikononi mwangu na punje chini ya miguu yangu. Sikuweza kumlaumu kwa alichofikiri. "Leo umenionyesha mwenyewe," akasema. Alimtuma mtu Sirisia hapo hapo kwa baskeli. Baba anakuja Jumamosi.

Walubengo amelala kwenye mguu wangu ninavyoandika, na jua bado halijazama. Sitaki kumlaza kitandani.

Julai 20
Asubuhi nilienda kwa mama mkwe. Sikumpa salamu za mzunguko. Nilipiga magoti, kitu ambacho sijakifanya tangu siku ya harusi, nikasema, "Mama, kesho naenda kwetu. Mtoto nakuachia, najua utamlea. Nakuomba kitu kimoja tu. Twende shambani, mara moja, halafu sitakusumbua tena."

Akachukua fimbo yake.

Tulisimama katikati ya wimbi. Nikamwambia afunge macho. "Unanichezea?" Nikasema hapana, Mama, tafadhali. Akafunga. Nilichukua mkono wake, ni mkono mgumu, wenye nyufa, nikauweka kwenye suke. Akasugua. Hakuna kitu. Nikauhamisha kwenye la pili. Punje zikamwagika katikati ya vidole vyake, zikaendelea kumwagika. Nilisikia amevuta pumzi. Nilitaka kumpeleka kwenye la tatu lakini aliutoa mkono wake kwangu, akaenda peke yake, macho yamefungwa, akishika moja baada ya jingine. Ngumu. Ngumu. Likamwagika. Likamwagika. Ngumu. Alifika mbali kidogo nami, akasimama.

Akafungua macho, akainama, akatazama bua la lile lililomwagika, chini, karibu na udongo. Zambarau, nzuri, safi kama aliyopewa na mama yake.

"Limevaa nguo zangu," akasema.

Nilikuwa nimengoja siku hii tangu Aprili, na ilipofika sikuona raha yoyote. Alionekana mdogo katikati ya wimbi ile. Nilimhurumia sana.

Kisha akageuka, na sauti yake ya zamani ikarudi. "Umesimama nini? Ita watu. Mwite na yule Wilkista mvivu. Mbovu ziende kikapu kimoja, nzuri kingine. Leo, kabla jua halijazikausha!"

Tumekata mpaka mikono imevimba. Kila suke limesuguliwa. Wanawake walicheka mwanzoni, ati tunaipapasa wimbi kama mbuzi wa mnadani, halafu walipoona vikapu wakaacha kucheka. Zile mbovu tunazikung'uta hapo hapo juu ya leso, kwa sababu hata punje za mwitu zinasagika, na mwaka huu hatutupi kitu.

Julai 21
Baba alifika saa nne na kofia yake ya kanisani. Alipoona mikono yangu akauliza nani amenipiga, nikamwambia ni wimbi.

Eliakim alifungua kwa maombi, akasimama. Akasema maneno machache, lazima nikiri alikuwa na adabu. Alituomba wote tutoke tukaangalie ghala. Tukaangalia. Limejaa nusu, na kidogo. "Tulikubaliana," akasema. "Halikujaa."

Nilimshika Walubengo. Aliniuma kidole kwa sababu nilimbana.

Mama mkwe hakusimama. Alisema kutoka kwenye kigoda chake, "Halikujaa kwa sababu yangu. Na nusu hii iko ndani kwa sababu yake. Ungengoja siku kumi zangu, Eliakim, ungekuwa unawaonyesha watu panya."

"Mama, mbegu ya kijani ya kwao..."

"Umeona kijani shambani kwangu? Wewe umeona? Mimi sijaona, na mimi ndiye mwenye macho hapa." Akavuta pumzi. "Miaka yote hiyo nilikuwa nachagua, na gugu lilikuwa linanisikiliza. Kaa chini."

Eliakim akakaa. Mwanaume mzima, shemasi.

Kisha mama mkwe akamgeukia baba yangu, akajirekebisha leso. Nilidhani atamshukuru kwa safari. Akasema, "Baba Peris, ile wimbi yenu ya bua la kijani. Bado mnayo?"

Baba akasema wanayo.

"Nitahitaji chungu kimoja kabla ya Machi. Nikipanda ya kijani, huyu wa zambarau hatakuwa na pa kujificha. Nitamwona hata nikiwa kijitoni." Na hapo nikaona jicho lake limewaka vile vile kama zamani, na nikajua palizi ya mwakani atatutesa.

Agosti 5
Mukhisa amekuja na sukari na kitambaa cha gauni. Amesikia yote. Anasema alijua mambo yangetengenea pole pole. Nimepokea kitambaa. Chakula nimempikia. Mengine tutaona.

Agosti 8
Mama mkwe alikuja jikoni kwangu leo, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtoto. Alikuwa na chungu kidogo kimefunikwa na jani la mgomba. Ndani ni wimbi yake, ya suke ngumu pekee, alizozisugua moja moja.

"Hii ya kijani yenu," akasema, "gugu likiizoea nayo?"

Ningeweza kumdanganya. "Litaizoea, Mama. Tukipalilia vizuri, litajifunza tu. Labda Walubengo akiwa mkubwa."

"Na hapo atapanda nini?"

"Zambarau."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia bei ya haki. Akanikabidhi chungu. "Basi mtunzie mwanao. Usikiweke chini, panya wataingia. Na kila mwaka pandeni kidogo nyuma ya nyumba, mbali na shamba, isije ikafa."

Nimekiweka juu ya meko, penye moshi, karibu na kile kibuyu changu cha Sirisia.